Raundi Mbili za Adhabu Nilizompa Somoe

Jumamosi iliyopita nilisimama nje ya uwanja hapa Rahaleo, mkate wangu wa chai kwapani, nikawatazama mnavyofundisha. Spika inapiga muziki, filimbi inalia, watu kama thelathini wa kila rika wanakimbia dakika moja, wanapumzika nusu dakika, wanakimbia tena. Mama mmoja mwenye tisheti mpya na kitenge kiunoni akatoka kwenye mstari, akashika ukuta, akatapika chai yote ya asubuhi. Nyie mkampigia makofi. Mmoja wenu akatangaza kwenye spika kwamba hayo ndiyo mazoezi yenyewe, mafuta yanatoka. Mama wa watu akajifuta mdomo kwa upindo wa kitenge, akacheka kwa aibu, akarudi kwenye mstari.

Sikuingia. Nilirudi nyumbani nikachemsha chai, nikatafuta karatasi. Nimefundisha mbio katika mkoa huu miaka thelathini na ushee, mpaka serikali ikaniambia basi, nenda kapumzike. Makofi yale nayajua. Niliyapiga mimi kabla wengi wenu hamjazaliwa, na kuna mtu mmoja yalimharibia maisha. Kwa hiyo kaeni chini niwaambie. Filimbi nimeshaigawa na sauti imekwisha, lakini kalamu bado naishika.

Nilikuja Mtwara kutoka Singida na barua ya ajira mkononi na raba za kuazima miguuni. Nilijiambia nitakaa miaka miwili kisha niombe uhamisho. Nimestaafia hapa hapa, nimemzika mke wangu hapa hapa, na wajukuu zangu wanaongea kama watu wa huku hata nikiwakataza. Nilikuwa mwalimu wa michezo. Kama hamjui, huyo ni mtu anayepewa vipindi vya saa nane mchana ambavyo walimu wenzake hawavitaki, pamoja na mpira mmoja usiokaa upepo. Wenzangu wengi walikubali hali hiyo wakakaa kivulini. Mimi sikukubali. Nilikuwa nachukia kushindwa kuliko nilivyopenda kufundisha, na hilo nalisema leo kwa kuwa halinisaidii tena kulificha.

Si kwamba sikufundishwa. Chuoni tulikuwa na mkufunzi mmoja, Mwalimu Bura, mtu mrefu na mkimya wa kutoka Mbulu. Alisimama katikati ya uwanja bila saa wala filimbi, na sisi tunakimbia raundi za nguvu, moja kali, moja ya polepole. Ukipita mbele yake anakuuliza mama yako anaitwa nani. Ukimtajia mama, na bibi, na kijiji, na mwaka huu mmevuna nini, anakwambia wewe unatembea, ongeza. Ukisema "Maria" na pumzi ikakatikia hapo, anaitikia kwa kichwa. Ukimpungia mkono tu kwamba huwezi kusema, anakutoa nje ukae mpaka uweze. Tulimcheka sana. Tulimwita Baba Ubatizo, kwa vile kila siku alikuwa anatafuta majina.

Na alikuwa na neno lake jingine: raundi ya mwisho ifanane na ya kwanza. Kama ya kwanza umeruka na ya mwisho unajikokota, basi ya kwanza uliikimbia kwa ujinga. Niliandika neno hilo kwenye daftari, nikapiga na mstari chini yake. Daftari nikaliacha Singida kwenye sanduku la mama, likaliwa na mchwa.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilifundisha saa nane mchana, mwezi wa pili, katika lile joto la Mtwara ambalo shati linakulowa ungali umekaa. Nilitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba mwalimu haogopi, nikakimbia nao. Raundi ya tatu nikaona uwanja unainama. Nilizinduka nimelala chini, filimbi bado mdomoni, na kila nikipumua inalia. Wanafunzi walidhani nawaita, wakapanga mstari mbele yangu. Nimecheka sana juu ya siku ile, ila angalieni: nililala mimi, na siku hiyo hiyo nikabadilisha saa ya mazoezi. Alipolala mwanafunzi sikubadilisha kitu.

Kuna kisa cha kamba pia. Hatukuwa na futi ya kupimia uwanja, nikanunua kamba ya katani, nikaikata wakati wa masika, imelowa, imenywea. Kiangazi ilipokauka ikarefuka, nami nikapima uwanja upya kwa kamba ile ile. Wanariadha wangu wote wakawa wazito ghafla. Mwezi mzima niliwatukana, nikawaongezea raundi, nikawaambia wamezoea kula mihogo na kulala. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyekuja na rula zake, akapima, akaniambia, ndugu yangu, watoto hawajapungua, uwanja ndio umeongezeka. Nilikata kamba nyingine. Watoto sikuwaomba radhi. Ilikuwa desturi yangu kwamba pakitokea kasoro, mwenye kosa ni yule anayekimbia.

Sasa niwaambie habari za Somoe.

Nilikuwa nimehamishiwa shule moja ya kata upande wa Ziwani. Nilikuwa nakwenda kwa pikipiki kutoka hapa Rahaleo kila siku. Somoe alikuwa kidato cha pili, mrefu wa miguu, maneno machache. Siku ya kwanza kumwona alikuwa anawahi kengele, begi mgongoni, na akawapita wavulana watatu waliokuwa wanawahi kengele hiyo hiyo. Hakuonyesha hata kama amejua kwamba amewapita. Nikamwita mapumziko, nikamwambia kuanzia leo wewe ni wangu.

Mwezi wa saba palikuwa na majaribio mjini. Kocha wa timu moja ya jeshi alikuwa anakuja kutafuta wasichana wa mbio za kati. Atakayechukuliwa atasomeshwa huko aendako, na akimaliza anapewa ajira. Baba yake Somoe alikuwa ameshafariki, mama yake Bi Fatu alikuwa mgonjwa wa kifua, na mali yao ilikuwa mikorosho tu. Nafasi ile ingemwondoa pale moja kwa moja. Yeye alilijua hilo, na mimi nilikuwa nimeshaanza kujigamba ofisini kwamba mwaka huu natoa askari.

Kabla ya likizo ya mwezi wa sita palikuwa na kikao cha wazazi. Nilisimama nikasema kwa ukali kwamba mzazi yeyote nitakayemsikia anamfanyisha mwanariadha wangu kazi ya shamba wakati wa mazoezi, nitampeleka kwa mtendaji wa kata. Wazazi wakanyamaza kimya. Nikafurahi, nikadhani wameelewa. Nyie mliozaliwa huku mnajua mwezi wa sita ni wa nini. Ndio wakati wa kupuliza salfa, ule unga wa njano unaoikinga mikorosho na ugonjwa wa ubwiri unga, na usipopuliza mwaka huo huna korosho. Inapulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umelala, kwa mashine ya injini inayobebwa mgongoni. Nami nilikuwa na mikorosho yangu kijijini Mkunwa. Nilimlipa mtu anipulizie, nikawa naisikia harufu ya salfa kama mnavyoisikia nyie, bila kuifikiria.

Mazoezi yalikuwa saa tatu asubuhi. Raundi nane za kuzunguka uwanja kwa nguvu, katikati pumziko la kutembea kidogo tu. Somoe aliongoza raundi nne za kwanza, ya tano akapungua, ya sita akapiga magoti anakohoa, macho mekundu. Mwili wake ulinuka salfa, lakini mwezi ule kila mtu alinuka salfa, hata mwalimu mkuu. Nikamwambia anachezea bahati. Nikamwongezea raundi mbili za adhabu. Akainuka akazikimbia zote mbili, akaenda kutapika kwenye nyasi za nyuma ya goli, na mimi nikawaambia wenzake wampigie makofi, mwanariadha ni huyu.

Wiki ya pili akawa mzito zaidi. Nikaongeza. Ya tatu akaanza kuchelewa kuja, nikaongeza tena. Mtu yeyote mwenye macho angeona raundi yake ya mwisho haifanani hata kidogo na ya kwanza. Mimi niliona, nikaita uvivu. Siku moja nilimuuliza mbele ya wenzake, "Wewe Somoe, unachoka nini na wewe hujafanya kazi yoyote?" Akaniangalia, akaangalia chini, akasema, "Nisamehe, Mwalimu." Nikaridhika na jibu hilo.

Ngojeni kidogo hapa, maana najua mnachofikiria. Mnafikiri mzee anataka watu watembee wakipiga soga. Hapana bwana. Wapo kina mama wa hapa mtaani wanaozunguka uwanja saa nzima wakipanga kitchen party, wakirudi nyumbani hata jasho hawana, halafu wanashangaa presha haishuki. Kutembea hivyo ni bora kuliko kukaa, ila moyo haukushtuka, haukuambiwa chochote kipya. Kile kipande cha nguvu lazima kiwe cha nguvu kweli. Lazima uhame kutoka kwenye kusema habari nzima ufike kwenye kusema neno moja au mawili na kutafuta pumzi. Hapo ndipo faida ilipo. Ukipita hapo, ukafika kwenye kukoroma na kuona giza, faida haiongezeki kwa kiasi cha maumivu, na siku tatu zinazofuata huwezi kufanya chochote. Mwili unajijenga wakati umepumzika. Mtu akifanya mara mbili kwa wiki kwa namna hiyo, siku nyingine akitembea taratibu, anafika mbali kuliko yule mliyempigia makofi ukutani.

Na nguvu ya mtu haipimwi kwa nguvu ya jirani yake. Hili nalijua kwa mwili wangu mwenyewe. Nilipostaafu, muuguzi aliyenipima presha alikunja uso, akaniambia nifanye mazoezi. Nikasema huyu ananifundisha mimi? Kesho yake nikavaa raba, nikakimbia kama nilivyokuwa nawakimbiza wanafunzi. Jirani yangu Mama Neema alinikuta nimekumbatia nguzo ya umeme, akaniita bajaji, na mpaka leo akiniona barabarani ananiuliza leo naikumbatia ipi. Siku hizi natembea. Kutoka nguzo hadi nguzo natembea haraka mpaka siwezi kumjibu mtu salamu ndefu, nguzo inayofuata natembea polepole mpaka maneno yarudi. Nguzo kumi nazimaliza sawa na nilivyoianza ya kwanza. Muuguzi kaacha kukunja uso. Kwangu mimi huko ndiko kukimbia, na kijana wa miaka ishirini akinifuata nyuma ataona mchezo.

Mna saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo, sina ugomvi nazo. Lakini hata bila saa, mtu anayo midomo. Mwacheni aseme.

Basi, yakafika majaribio. Uwanja wa mjini ulijaa shule zote, yule kocha wa jeshi kakaa kwenye kiti cha plastiki na daftari mapajani. Mbio za mita elfu moja na mia tano. Somoe akatoka mbele, na raundi mbili za kwanza nilimwona kocha anaandika. Moyo wangu ulinienda mbio kuliko yeye. Raundi ya tatu, upande wa mbali, nikaona mkono wake umekwenda kifuani. Akapitwa na mmoja, akapitwa na wanne, halafu akaacha kukimbia, akatembea kuja upande wetu akiwa ameinama. Kila akivuta pumzi ilitoa mluzi, nami niliusikia.

Watu wote walikuwa wanatazama. Nilimfuata, nikabandua namba kifuani kwake kwa mkono wangu, pini zikaruka. Nikamwambia, "Nenda kwa mama yako ukaokote korosho. Jezi ya shule uirudishe Jumatatu."

Hakulia. Alikaa chini akavuta pumzi, wasichana wenzake wakampepea kwa kanga. Kocha alifunga daftari. Mimi nilipanda pikipiki yangu nikaondoka, sikujua hata alirudi Ziwani na nani.

Jumatatu hakuja, wala Jumanne. Nikakasirika juu ya jezi, jamani. Nilikuwa na orodha ya jezi kumi na mbili na moja haipo. Jumatano nikaondoka hapa alfajiri ili nimkute kabla hajatoka. Nilifika kwao jua halijachomoza vizuri, nikasikia injini inanguruma kwenye mikorosho nyuma ya nyumba, nikasukuma pikipiki kuelekea huko.

Alikuwa Somoe. Mashine mgongoni, kanga imefungwa puani, nywele na kope zimekuwa njano. Anakimbia na ile mashine hadi mkorosho unaofuata, anaelekeza bomba juu, unga unafumka na kumrudia usoni, anazunguka shina, anasimama anavuta pumzi, anakimbilia mwingine. Alikuwa anauwahi umande. Nilisimama pale nikaanza kuhesabu, maana ndiyo kazi yangu, mimi nikiona mtu anakimbia na kupumzika nahesabu. Nilifika mikorosho ishirini na tatu kabla hajazima injini kuongeza unga, na shamba lilikuwa halijafika nusu.

Hizo raundi zangu nane alikuwa anazikimbia juu ya hizi. Kila siku. Na zile mbili za adhabu.

Bi Fatu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, akaniona nimesimama. Kuinuka kulimpa shida. Aliingia ndani akakohoa huko muda mrefu, akatoka na jezi imekunjwa, safi, inanukia sabuni. Akanipa kwa mikono miwili. Nilimuuliza kwa nini ananifanyia hivi, kwa nini hakuniambia kwamba binti anapuliza salfa. Akaeleza taratibu, anavuta pumzi kati ya neno na neno, kwamba kaka yake Somoe ndiye aliyekuwa anapuliza, lakini mwaka huo amehamia Kitaya kwa wakwe zake kulima mpunga mtoni. Yeye mwenyewe alipuliza miaka yote tangu mumewe afariki, mpaka kifua kikakataa. Kukodi mtu hawakuwa na uwezo.

"Nilitaka nije nikwambie, Mwalimu," akasema. "Ntoto akanikataza. Alisema ukijua utanipeleka kwa ntendaji."

Nilikuwa nimeshika jezi. Maneno yale niliyasema mimi mwenyewe kwenye kikao, na kwa sauti ya juu ili wa nyuma wasikie.

Nilimwambia nitampeleka Somoe hospitali, na kweli nilimpeleka siku ile ile kwa pikipiki, mama yake akabaki. Alipimwa, akapewa dawa ya kuvuta. Tukaambiwa kifua kimeumia, salfa ilikiumiza na mbio zikakitonesha kila siku kabla hakijapoa, kwa hiyo akae mbali na vyote viwili. Salfa nilimalizia mimi kwa kumtuma yule mtu wangu wa Mkunwa. Mbio nilimwambia tutazirudia pole pole, mwakani kocha atakuja tena. Akasema ndiyo Mwalimu. Mwaka uliofuata tulijaribu. Nilimpa nusu ya nusu ya kazi ya zamani, nikawa namuuliza jina la mama yake kila akipita, na raundi ya pili mluzi ukarudi. Tulijaribu mara tatu. Mara ya tatu alivua raba mwenyewe, akazifunga kamba pamoja, akanipa. Alimaliza kidato cha nne, akarudi kwenye mikorosho.

Kuanzia hapo nilifundisha kama Baba Ubatizo. Shule zangu zilishinda mara nyingi, vikombe viko ofisini kwa watu. Watu walinisifu kwamba mwalimu amekomaa, wanariadha wake hawaumii. Nilikuwa napokea sifa hizo na kunyamaza, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza nilikomalia juu ya nani.

Mwaka jana nilisikia kwamba katika shule ya msingi huko Ziwani kuna binti wa darasa la sita anawaacha wenzake nusu uwanja. Nikauliza mama yake ni nani, nikaambiwa. Nilikaa na habari hiyo wiki mbili. Halafu nikapanda bodaboda.

Somoe ni mama wa watoto watatu sasa. Aliniamkia vizuri, akanitolea kiti kizuri cha ndani, akaleta chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Bi Fatu alishafariki, sikuwa najua. Kwenye kanga yake Somoe alikuwa amefunga kile kichupa cha dawa ya kuvuta. Nilikuwa nimekariri njiani maneno ya kumwomba msamaha, yakatoka ovyo ovyo, lakini niliyatoa yote, ya raundi za adhabu, ya namba, ya kikao. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniongezea chai.

Nikamwambia nimesikia habari za Zuhura, bintiye. Nikasema nina muda sasa, nimestaafu, naweza kuja mara mbili kwa wiki, sitaki chochote, nimfundishe yale ambayo nilipaswa kumfundisha yeye.

"Zuhura atakimbia, Mwalimu," akasema. "Lakini si kwako."

Nikasema nimeelewa. Kuku wakapita katikati yetu, akawafukuza. Kisha akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto na kalamu ya wino. Akasema mwalimu wa michezo wa Zuhura ni kijana mzuri lakini anajifunza kwenye simu, anapenda kuwaona watoto wanaanguka. Niandike ninayoyajua, yeye atampelekea.

Nikaandika juu ya meza ndogo, miwani inateleza. Kwamba kipande cha nguvu kiwe cha nguvu, mtoto aweze kusema neno moja au mawili, akishindwa kabisa asimamishwe. Kwamba apumzike mpaka aseme sentensi nzima ndipo aanze tena. Raundi ya mwisho ifanane na ya kwanza, na ikianza kuharibika, siku hiyo imekwisha. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Akitapika, asipigiwe makofi. Raundi za adhabu zisiwepo, kamwe. Nilijaza ukurasa mzima kwa mwandiko wa ubaoni, nikampa.

Alisoma polepole akifuata mistari kwa kidole. Alipomaliza akanirudishia.

"Juu hapa umeacha nafasi," akasema. "Andika: kwanza muulize ameamka saa ngapi."

Nikaandika. Alisubiri wino ukauke, akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pindo la kanga pamoja na ile dawa. Akanisindikiza mpaka barabarani, ananibebea mfuko wa mihogo alionifungia. Bodaboda ilipokuja alinishikia mkono mpaka nikakaa sawa, akamwambia dereva aendeshe taratibu, huyu ni mwalimu wangu. Karibu tena hakusema.